Mke wa Askari na Mtihani wa Ualimu

Nchini Marekani kila jimbo hutoa cheti cha ualimu wa shule za msingi kwa masharti yake. Kwa jamaa ya askari jambo hili halikuwa dogo: kabla ya mwaka 2023, mume alipohamishwa kambi, mke mwalimu aliweza kukuta jimbo jipya lataka mtihani mwingine. Majimbo mengi hutumia mtihani uitwao Praxis, wenye sehemu ya kusoma na lugha.

Ajiandaaye asikariri istilahi tu. Mwaka 2000 jopo la taifa hilo kuhusu usomaji lilieleza nguzo tano: kutambua sauti za neno, kuunganisha herufi na sauti, kusoma kwa wepesi, msamiati na ufahamu. Mtoto atamkaye kila neno sawasawa, lakini asiweze kusimulia alichosoma, hana haja ya kurudishwa kwenye herufi. Apimwe msamiati na ufahamu.

Basi, ndugu msomaji, njia njema ni hii: kila jioni msikilize mtoto wa nyumbani akisoma ukurasa mmoja, andika alipokwama, kisha jiulize ni nguzo ipi iliyolegea. Kwa juhudi moja mama hujiandaa kwa mtihani, na mwana hufunzwa kusoma.