Rangi ya Kushikisha na Kuziba kwa Utepe

Kupaka rangi modeli, yaani ndege, meli na magari madogo ya plastiki yaundwayo kwa skeli maalumu, kwaweza kudhaniwa kuwa ni mchezo tu. Hata hivyo, mna ndani yake dhana mbili ambazo mafundi wetu wa nyumba na wa magari huzihitaji kila siku, nazo zikipewa majina yasiyofaa, msomaji wa maelekezo huiharibu kazi yake.

Tuchukue mfano wa ndege ya Kiingereza, Spitfire. Mwezi Juni 1944, majeshi yalipovuka kwenda Normandy, ndege za Mataifa Washirika zilitiwa milia mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, ili zisipigwe na wenzao. Kwenye ndege ya injini moja kila mlia ulikuwa na upana wa inchi 18. Katika skeli ya 1:72 upana huo ni robo inchi tu. Rangi ikipenya nusu milimita chini ya utepe, ni kosa la sentimita 3.6 kwenye ndege yenyewe. (Milia mingi ya 1944 ilipakwa kwa brashi na kwa haraka, ikapinda, lakini mpaka modeli hana udhuru huo.)

Dhana ya kwanza ni ile rangi itanguliayo zote. Mafundi huiita praima, na wengine huichanganya na andakoti. Tukisema “rangi ya kwanza” twataja zamu yake, hatutaji kazi yake, ambayo ni kushika plastiki na kushikwa na rangi ijayo. Plastiki mpya yaweza kutoka kalibuni na mabaki ya mafuta; isipooshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, rangi hulala juu bila kushika. Ikipuliziwa kutoka mbali mno, hukauka hewani na kutua kama vumbi, uso ukawa kama msasa. Aliyeambiwa “rangi ya kwanza” atatazama kama imeenea. Aliyeambiwa “rangi ya kushikisha” atajaribu kama imeshika. Wala tusiseme “kushikiza”, kwani mshonaji ashikizapo nguo hukusudia kuishona barabara baadaye.

Dhana ya pili ni kukinga sehemu isiyotakiwa kupata rangi. Wengi watasema “kufunika”. Lakini chungu hufunikwa na mvuke ukatoka, ufa huzibwa. Na kazi yote hapa iko ukingoni. Nyeupe hupakwa kwanza ikakauka kabisa. Milia itakayobaki myeupe huzibwa kwa utepe, na ukingo wake ukakandamizwa kwa ukucha. Kisha hupuliziwa nyeupe tena, kidogo, ili kitakachopenya kiwe cheupe na kuujaza mwanya. Ndipo nyeusi hufuata, kwa matabaka membamba.

Katika kuuondoa utepe, lugha yetu ina utajiri usiotumiwa. Utepe hubanduliwa polepole, ukikunjwa kurudi nyuma, kwa kuwa ulibandikwa. Rangi ikifuatana nao, hiyo haikubanduka, imebambuka, kama ganda la mti. Maelekezo yayatenge maneno haya mawili, maana chanzo cha kubambuka mara nyingi si utepe: ni rangi ya kushikisha iliyopakwa juu ya plastiki isiyooshwa, au isiyoachwa ikauke.