Kioo Kinachojisitiri

Kioo tulichokizoea ama kinaonyesha ama hakionyeshi. Katika ukurasa huu tunaeleza kioo kinachofanya yote mawili kwa kubonyeza swichi.

Kioo hiki ni vipande viwili, na katikati yake upo utando mwembamba wa plastiki wenye vitone vidogo mno vya fuwele kioevu, maada aliyoibaini Friedrich Reinitzer wa Austria mwaka 1888. Umeme usipopita, chembe za fuwele hukaa shaghalabaghala, hutawanya mwanga, na kioo huwa cheupe kama maziwa. Hapo huweza hata kurushiwa picha za projekta. Umeme ukipita, chembe hujipanga upande mmoja, mwanga hupenya, nasi tukaona ng'ambo.

Mwaka 2020 jijini Tokyo, Japani, vilifunguliwa vyoo vya umma vya vioo vilivyobuniwa na msanifu majengo Shigeru Ban. Aliye nje huona kama ndani ni safi na hamna mtu. Akiingia na kufunga komeo, umeme hukatwa na vioo humsitiri. Kwa hiyo hata umeme ukizimika, sitara haiondoki. Lakini majira ya baridi yalifichua udhaifu: fuwele zilichelewa kugeuka, ikabidi vioo viachwe visivyoonyesha ndani muda wote.

Basi tunapojifunza ufundi tusiulize tu chombo hufanyaje kazi kikiwa kizima. Tuulize pia: kikishindwa, kitamwacha mtu katika hali gani?