Siku ya Bondeni

Wageni wanaokuja kikazi Ngara, mpakani mwa Tanzania na Rwanda na Burundi, wana kauli wanayoirudia, kwamba familia za huku hazijui matembezi. Wanamwona baba na jembe, mama na dumu kichwani, watoto nyuma na furushi la nguo, wanahitimisha kwamba kupumzika pamoja ni mambo ya watu wa mjini, wenye kupakia watoto garini Jumapili kwenda ufukweni. Kauli hiyo si ya kweli, na inauma zaidi inapotoka kwa vijana wetu wenyewe waliosoma. Wahangaza na Washubi, wenyeji wa Ngara, wana siku yao ya familia kando ya maji tangu zamani. Siku hiyo ilichanganyika na kazi, na anayeamini kwamba starehe huanza kazi inapokwisha hawezi kuiona.

Nchi yenyewe ndiyo iliyoifanya. Huko Ntobeye, kama kwingi Ngara, nyumba na migomba viko juu kwenye migongo ya vilima, maji yako chini bondeni. Mvua ikikatika, kati ya Juni na Septemba, bonde ndilo linalobaki na unyevu, na watu huchimba mitaro kupunguza maji yaliyotuama na kuyaelekeza kwenye matuta ya maharage, viazi vitamu na mboga. Siku ya kushuka, kila mtu ana lake huko chini. Baba anazibua mtaro ulioziba kwa nyasi. Mama na mabinti wanafua. Wavulana wananywesha mbuzi, na ng'ombe kama wapo. Bibi anakaa na mtoto mdogo, jicho kwenye nguo zilizoanikwa majanini. Nguo hizo ndizo zinazoigeuza kazi kuwa matembezi, kwa sababu hakuna anayependa kupanda kilima na furushi lililolowa. Ni lazima zikauke kwanza. Saa hizo za kungoja ndizo siku yenyewe. Viazi vinachomwa kwenye majivu, watoto wanaogeshwa kisha wanarudi kuchezea matope, mabinti wanasukana nywele. Na kwa kuwa bonde moja hunywesha vilima viwili, watu wa ng'ambo nao wameshuka: habari za ugonjwa zinapatikana, uchumba unadokezwa, ugomvi wa mpaka wa bustani unapoozwa na wazee kabla haujafika baraza la kata. Harusi, ngoma na pombe ya ndizi ya kunywewa kwa mirija zimeshasemwa vya kutosha. Siku hii ya bondeni haikuwa na ngoma wala jina kubwa, basi ikapitwa.

Ilipitwa hata na waliokuja kutafuta maji hayohayo. Mpelelezi Oscar Baumann alipoingia Burundi mwaka 1892 alishughulishwa na Ruvubu, mto unaoingia Kagera, kama chanzo cha Mto Nile. Mwaka 1937 mpelelezi mwingine, Burkhart Waldecker, akakifuata chanzo hicho hadi Rutovu, hukohuko Burundi, na mwaka uliofuata piramidi ndogo ikajengwa juu yake. Maji yakasifiwa kwa yanakokwenda, si kwa walioketi kando yake. Kisha ukaja mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi wakikimbia Rwanda, na Mto Kagera ulibeba miili ya waliouawa hadi Ziwa Viktoria. Mzazi aliyeona hayo asilaumiwe kwa kumkataza mwanawe kwenda mtoni. Lakini woga wa mto mkubwa umewafuata watoto hadi kwenye vijito visivyo na hatia.

Yapo mapingamizi dhidi ya kuitetea siku hiyo, na yana uzito. La kwanza ni kwamba mzigo wa siku ile ulimwangukia mwanamke: aliyefua ni yeye, na aliyepanda kilima na ndoo juu ya ngata ni yeye. Ni kweli, na bomba linalofika kijijini ni haki yake. Hakuna utamaduni unaostahili kulindwa kwa shingo ya mama. La pili ni afya, maana maji yaliyotuama yanaweza kuwa na kichocho. Basi watoto waogeshwe kwa maji ya bomba. La tatu ni sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini inachozuia humo ni shughuli za kudumu na zile zinazoharibu ukingo. Sabuni mtoni ni uharibifu, na bustani inayong'ang'ania ukingo ni uharibifu. Familia iliyokaa majanini na viazi vyake haiharibu kitu. Ukiziondoa ndoo, sabuni na kichocho, bado kuna sababu ya vilima viwili kukutana, na sababu hiyo bomba halina: kwenye bomba kila mtu hujaza, hulipa, huondoka.

Si kwamba kazi ya maji haiandikwi: Uchagani, Kilimanjaro, mfereji wa kumwagilia, mfongo, umeandikiwa vitabu, na kuusafisha ilikuwa kazi ya wanaume, asiyefika akitozwa faini. Siku yetu ya bondeni ilimhusu kila mtu wa nyumba, kuanzia bibi, na inakufa bila hata azimio la kuiua, kwa kuwa vile viwanja vya majani vya kuanikia nguo vinalimwa kimoja baada ya kingine. Kuvinusuru kunawezekana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja, halmashauri ya kijiji ikipendekeza na mkutano mkuu ukiridhia. Malisho hutengwa hivyo, makaburi pia. Kipande cha majani bondeni kiingie kwenye orodha hiyo kabla ya msimu ujao wa kuchimba mitaro.