Mbabe wa Mtaa Hapendwi kwa Faili Lake la Polisi

Swali ni lilelile, linabadilika sura tu. Mmoja anauliza mwanamieleka wake awe amefungwa miaka mingapi. Mwingine anataka kujua kama mnyororo unatosha au aongeze rungu lenye misumari. Wa tatu ameshaua mtu kwenye ukurasa wa kwanza wa wasifu, na anauliza kama maiti moja inatosha kumfanya mbabe wake apendwe na mashabiki. Nyuma ya maswali yote hayo kuna imani moja: kwamba mtu wa mtaani hupendwa kwa ubaya aliowafanyia wengine. Nimeshalijibu kwa upole mara nyingi. Leo nalijibu kwa kirefu, kwa sababu imani hii inaua wahusika wazuri kabla hawajapanda ulingoni.

Sielezi hapa ligi ya mieleka ya kubuni, ya kuandika tu, inaendeshwaje. Anayeniletea wasifu anajua tayari kwamba mshindi huamuliwa kabla ya kengele, na kwamba kazi yetu ni kuchagua nani watu watamlilia.

Basi tuchukue karatasi ya kawaida. Mtu anatoka Bronx, New York. Amekaa jela miaka 15. Hajawahi kushindwa pambano hata moja, mtaani wala gerezani. Anamchukia kila mtu, hana rafiki, anatembea na mnyororo shingoni. Chini kabisa mwandishi ameongeza: mashabiki wanampenda sana. Kwa lipi? Shabiki aliyelipa kiti cha bei ya chini, nyuma kabisa, ana sababu gani ya kusimama kwa ajili ya mtu huyu? Hana cha kumwogopea, maana hapigiki. Hana cha kumwombea, maana hahitaji kitu. Mwandishi amekaa siku nzima akamchonga adui, halafu akamwita steringi. Mtoto yeyote aliyekulia kwenye kibanda cha video anajua kwamba steringi hupigwa kwanza, tena hupigwa sana, na kwamba wakati wa kipigo ndipo kibanda kizima hunyamaza na kumtazama yeye tu.

Ulingoni pia ni hivyohivyo. Tarehe 23 Machi 1997, ukumbi wa Rosemont Horizon, pembeni ya Chicago. Mwanamieleka Bret Hart anapanda ulingoni akiwa kipenzi cha watu, Steve Austin akiwa upande wa wabaya. Masharti ya usiku huo ni kwamba anashindwa atakayesalimu amri. Kabla ya hapo Austin alikuwa ameshafanya kila kitu mnachokijaza kwenye karatasi zenu. Alikuwa ametukana, amevizia watu kwa nyuma, amewapiga walioanguka tayari. Wapo waliomshangilia, lakini hakuwa wa kwao bado. Kisha Hart akamkunja miguu kwa ule mkunjo wake wa Sharpshooter, akakaa juu ya mgongo wake na kuvuta. Damu inamtoka Austin kwenye paji la uso, inashuka hadi kwenye meno. Anajiinua kwa mikono, mkunjo unakaribia kufunguka, ukumbi unasimama, mkunjo unamrudia. Mwamuzi Ken Shamrock anamuuliza kama anakubali. Hakubali. Hakulitamka neno hilo hadi akazimia, na Shamrock akasimamisha pambano.

Hart akaendelea kumpiga baada ya kengele. Shamrock akamvuta, na watu waliokuja kumshangilia Hart wakaanza kumzomea. Austin alipozinduka, mwamuzi mwingine akajaribu kumsaidia, akaambulia pigo. Akaondoka kwa miguu yake mwenyewe, anayumba, na ukumbi ukawa unaliita jina lake.

Rudieni kusoma, tafadhali, maana hapa ndipo waandishi wengi wanapita mbio. Austin alishindwa pambano lile. Matokeo rasmi yanasema hivyo. Ukatili wake watu walikuwa wameuona miezi mingi na haukuwa umewatosha. Usiku ule walichokiona kwa mara ya kwanza ni kiasi cha maumivu anachoweza kubeba bila kusema basi. Ukatili wote uliotangulia ukapata maana mpya baada ya hapo: kumbe huyu bwana hatoi kwa wengine kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukipokea. Hilo ndilo mtaa unaloliheshimu. Mtu anayepiga tu mtaa unamwogopa, na siku akianguka unamcheka.

Mwaka uliofuata akapewa bosi. Vince McMahon, mwenye kampuni ya mieleka aliyoipigania Austin, akawa anamtaka bingwa wake avae suti, aongee kwa adabu, atii. Tangu hapo kila mfanyakazi aliyewahi kufokewa na mkubwa wake mbele ya wenzake alikuwa na mtu wa kumwakilisha pale ulingoni. Hakuna aliyeuliza Austin amewahi kulala selo ngapi.

Kama mfano mmoja hautoshi, nendeni New Orleans, mwaka 1980, ligi ya Mid-South ya Bill Watts. Nyota wake alikuwa Sylvester Ritter, aliyejulikana kama Junkyard Dog, mmoja wa weusi wa kwanza kuwa mtu mkubwa kuliko wote katika ligi ya Kusini mwa Marekani. Huyu alikuwa na mnyororo kweli, na mkanda wa mbwa shingoni. Waandishi wengi wanauona mnyororo, wanaunakili, wanaishia hapo. Hawaangalii hadithi aliyopewa. Kundi la Fabulous Freebirds lilimpaka dawa ya kunyonyolea nywele machoni, akawa kipofu kwa mujibu wa hadithi, wakati huohuo mke wake akijifungua mtoto wa kike. Watu wakaambiwa kwamba baba huyu hawezi kumwona mwanawe. Mwezi Agosti mwaka huo aliingia ulingoni mwa Superdome akiwa bado haoni, amefungwa mnyororo mmoja na Michael Hayes wa kundi lile, ili hata asipomwona adui yake aweze kumvuta.

Mnyororo uleule, lakini tazameni unafanya kazi gani. Katika karatasi zenu ni pambo la kutisha. Kwa Ritter ulikuwa njia pekee ya kipofu kumfikia aliyemnyima kumwona mtoto wake. Ukumbi ulikuwa upande wa mtu yule. Haikuhitajika maiti hata moja.

Kuna tawi la imani hii lililo baya zaidi, na sitalipita kimya. Linadai kwamba kadiri damu inavyokuwa ya kweli ndivyo mhusika anavyoaminika, na wanaolishika hutaja ligi ya ECW ya Philadelphia kama ushahidi. Basi watajieni na Revere, Massachusetts, tarehe 23 Novemba 1996. Kijana wa miaka 17 asiye na mafunzo alidanganya umri wake akapandishwa ulingoni, na New Jack, mbabe wa mtaani aliyekuwa akipendwa hasa na mashabiki wa ligi ile, akamkata paji la uso kwa kina kilichogusa mishipa. Mtoto alivuja damu hadi akazimia. Kesi ilifika mahakamani na New Jack akaachiwa, lakini ligi nusura ipoteze onyesho lake la kwanza la kulipia kwenye televisheni. Hiyo ndiyo damu ya kweli mnayoitamani. Haikumjenga mhusika, ilimjeruhi mtoto. Anayeniletea pendekezo la namna hiyo, hata kwa ligi ya kuandika tu, namrudishia karatasi bila maelezo marefu.

Na ule mstari wa mwisho, wa kwamba mashabiki wanampenda, ufuteni. Upendo hauandikwi kwenye wasifu. Januari 2015, tena Philadelphia, kampuni ya mieleka kubwa kuliko zote duniani ilimpa Roman Reigns ushindi wa pambano la Royal Rumble, ikamtoa nyota The Rock mwenyewe aje kumnyanyua mkono, na ukumbi ukazomea. Walikuwa na fedha, muziki, taa na mwanamieleka mwenye jina kubwa la ukoo. Ikiwa wao hawakuweza kuuamuru ukumbi, mstari mmoja wa mwandishi hautaweza.

Kinachofanya kazi ni mhusika kuwa na watu anaowajibika kwao, na kuwataja. Oktoba 1985 mwanamieleka Dusty Rhodes alisimama mbele ya kamera baada ya Ric Flair na wenzake kumwumiza kifundo cha mguu. Rhodes alikuwa mtoto wa fundi bomba kutoka Austin, Texas, mwenye kitambi ambacho hakukificha. Alikuwa na haki ya kuongelea mguu wake, na angeweza kutisha. Badala yake alizungumzia wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliopunguzwa kazi na hawajui watawalisha nini watoto, mafundi wa viwanda vya magari walioambiwa warudi nyumbani, na mtu aliyefanya kazi sehemu moja miaka 30 akapewa saa ya mkononi na kuambiwa kompyuta imechukua nafasi yake. Akasema hizo ndizo nyakati ngumu, na kwamba Flair amemletea yeye na wao nyakati hizo pamoja. Mwisho akanyoosha mkono kwenye kamera ili waliokuwa majumbani waguse. Ni tambo la dakika chache. Hakujisifia kosa lolote, na hadi leo walimu wa mieleka hulionyesha kwa wanafunzi wao.

Sasa tumrekebishe yule wa Bronx, maana hafai kutupwa. Soko la samaki la Fulton lilihamia Hunts Point, Bronx, mwaka 2005, na biashara yake huanza usiku wa manane. Mpeni kazi pale. Anapakua maboksi ya samaki kuanzia saa saba usiku, viatu vya mpira, mikono imepasuka kwa chumvi na barafu. Begani anatundika kulabu ya chuma ya kukokotea maboksi, kama walivyofanya wapakuzi wa zamani wa soko hilo. Kila Ijumaa anaondoka na samaki wawili kwenye karatasi kwa ajili ya mama mzee wa ghorofa ya chini, aliyemlea mdogo wake wakati yeye yuko ndani. Ndiyo, anaweza kuwa alifungwa. Miezi minane inatosha. Lakini yeye halitaji gereza kamwe. Adui ndiye anayelitaja, mbele ya watu, kumdhalilisha, na hapo kifungo kinaanza kufanya kazi ambayo hakikuwa kinafanya kwenye ukurasa wa kwanza.

Ile kulabu ni silaha nzuri, na ndiyo maana haitumii. Kabla ya kengele anaitundika kwenye nguzo ya ulingo. Mapambano matatu ya kwanza mwandikeni hivyo tu, anaitundika, anapigana, anaichukua, anaondoka. La nne, adui aichomoe kwenye nguzo amkate nayo. Kufikia hapo ukumbi mzima utakuwa umeshajua kwamba angeweza kuitumia tangu siku ya kwanza na hakufanya hivyo.

Mengine kwa haraka, nafasi inaisha. Jina liwe fupi, la kuitika kwa sauti ya watu wengi. Muuaji na Kifo yaacheni. Mavazi yawe ya kazini, yaliyochakaa mahali panapochakaa kweli. Aingie akipita katikati ya watu, kama Sandman wa ECW na bia yake na fimbo, asitokee kwenye moshi. Mazoezi yake yawe ya mtaani: Crusher wa Milwaukee alijigamba kwamba alikimbia na pipa la bia begani, na South Milwaukee wakamjengea sanamu mwaka 2019. Pigo la kumalizia liwe moja, linaloweza kutoka ghafla mahali popote. Tambo lisizidi dakika mbili, litaje mtu mmoja na deni moja. Rafiki mmoja, dhaifu kuliko yeye, ili adui awe na wa kumgusa. Adui awe mwenye cheo au fedha, maana wahuni wawili wakigombana shabiki hana wa kumchagua. Vitendo vyake viwe na mpaka mmoja asiouvuka, na msiutangaze, uonekane. Na kama Bronx huijui, mtoe Bronx: mpagazi wa Kariakoo au Kongowea unayemjua mwendo wake ana thamani kuliko jambazi wa New York uliyemwona kwenye filamu.

Pambano lake kubwa la kwanza ashindwe, kwa hila au kwa kuzidiwa, lakini asisalimu amri. Pambano linalofuata asishinde bado; aokoe mtu. La tatu ashinde, tena kwa taabu.

Mkanda wa ubingwa usiharakishwe. Rhodes alishika ubingwa wa dunia wa NWA mara tatu, 1979, 1981 na 1986, mara ya kwanza kwa siku tano tu, na vipindi vyote vitatu kwa pamoja havifiki miezi minne. Mwendesha ligi akikupa nafasi ya kuchagua kati ya mkanda mwezi huu na pambano la marudiano na yule aliyeichukua kulabu, omba marudiano.