Arobaini ya Mzazi wa Kwanza katika Delta ya Tana

Mwanamke aliyejifungua kifungua mimba huhitaji kama wiki sita ili nyumba yake ya uzazi irudi ukubwa wake wa zamani, majeraha yapone na damu ya nifasi ikatike. Muda huo unakaribiana sana na arobaini, zile siku ambazo familia nyingi za pwani ya Kenya, kutoka Malindi hadi Garsen na Kipini, humweka mzazi ndani apumzike, alishwe na kuangaliwa na wanawake waliomtangulia. Shirika la Afya Duniani nalo huhesabu vifo vya uzazi hadi siku ya 42 baada ya mimba kumalizika. Wazee hawakukosea hesabu. Ila hatari za siku hizo hazikugawanyika sawa kwa sawa. Nyingi zimerundikana mwanzoni, katika saa 24 za kwanza na wiki mbili zinazofuata, na huo ndio wakati ambao wazazi wengi wa kaunti ya Tana River huwa wamejifungia ndani, mbali na mkunga wa hospitali.

Mara kondo la nyuma linapotoka, nyumba ya uzazi huwa na uzito wa karibu kilo moja, na kilele chake hushikika usawa wa kitovu. Mkunga akiweka kiganja tumboni husikia kitu cha mviringo, kigumu. Ugumu huo ndio usalama wenyewe, kwa sababu misuli iliyojikaza huiziba mishipa iliyokuwa ikilisha kondo. Ikilegea, damu hufunguka, na mwanamke aliyekuwa akizungumza vizuri anaweza kupoteza maisha katika saa chache. Duniani kote, wanawake wapatao milioni 14 hupata utokaji mkubwa wa damu kila mwaka baada ya kujifungua, na karibu 70,000 hufa.

Kinga ya kwanza ni sindano ya oksitosini, ambayo hutolewa mara tu mtoto anapozaliwa. Dawa hii hutakiwa kukaa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8. Katika sehemu ya joto kama Garsen, zahanati ambayo umeme wake hukatika inaweza kuwa na dawa iliyopungua nguvu bila mtu kujua. Ndiyo sababu karbetosini isiyoharibiwa na joto, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, ni habari njema kwa maeneo kama haya. Mwaka 2023 yalitolewa pia matokeo ya utafiti mkubwa wa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga walimwekea mzazi mfuko wenye alama za kupimia damu, badala ya kukisia kwa macho, na damu ilipozidi walimpa matibabu yote kwa mpigo mmoja. Visa vya utokaji mkali wa damu na madhara yake vilipungua kwa asilimia 60. Kitambaa cha khanga kilicholowa hakina vipimo, na mkunga wa jadi, hata awe mzoefu namna gani, hana njia ya kujua kama iliyomwagika ni nusu lita au lita nzima.

Kwa hiyo mzazi aliyejifungua salama anashauriwa kubaki hospitalini au kituoni angalau saa 24. Wengi huondoka mapema zaidi. Wengine hawafiki kabisa, na Tana River ni miongoni mwa kaunti za Kenya ambako wanawake wengi bado hujifungulia nyumbani. Sababu haziishii kwenye mila. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na Hola, kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti, ni safari nyingine ya kuupanda Mto Tana. Ngao ina hospitali inayohudumia Delta, lakini mtu wa Ozi, karibu na mdomo wa mto, hutegemea mashua, na mfugaji wa Kiorma aliye malishoni hutegemea bodaboda kama ipo. Mafuriko yakija, kama yalivyokuja mwaka 2018, mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, barabara hukatika na vijiji vya kando ya mto hugeuka visiwa. Mwanamke anayejua kwamba siku zake zitaangukia msimu wa mvua afadhali ahamie mapema kwa ndugu aliye karibu na hospitali.

Kwa upande wa gharama, kujifungua katika vituo vya serikali ya Kenya kulifanywa bure kuanzia Juni 2013, kisha ukaja mpango wa Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 huduma hizo ziko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mjamzito ajisajili mapema, asingoje uchungu uanze.

Baada ya siku ya kwanza, nyumba ya uzazi hushuka kwa karibu upana wa kidole kila siku. Baada ya wiki moja uzito wake huwa nusu kilo, na kufikia siku ya kumi hadi ya kumi na nne haishikiki tena juu ya nyonga. Mzazi wa kwanza kwa kawaida hasumbuliwi sana na chango la uzazi, kwa kuwa misuli yake bado ina nguvu ya kubaki imejikaza. Wanaozaa mara ya tatu au ya nne ndio hulalamika. Damu ya nifasi huwa nyekundu siku tatu au nne, hupauka ikawa ya rangi ya udongo, halafu huwa majimaji ya njano au meupe hadi wiki ya nne, ya tano au ya sita. Ikirudi kuwa nyekundu na nyingi, ikitoka na mabonge makubwa, ikilowesha pedi nzima kwa muda usiozidi saa moja, au ikinuka vibaya, si nifasi ya kawaida tena.

Hapa ndipo kazi ya kumkanda mzazi inapohitaji kuangaliwa kwa makini. Maji ya uvuguvugu mgongoni, miguuni na kiunoni humpa mwili raha ya kweli, na hakuna sababu ya kuyakataza. Maji yanayochemka tumboni huunguza ngozi, na kulikandamiza tumbo kwa nguvu ili “damu chafu itoke” hakuna faida, kwani damu hiyo hutoka yenyewe. Mkaja, kitambaa cha kufungia tumbo, nao hausinyazi nyumba ya uzazi. Ukifungwa kwa wastani humsaidia mzazi kuinuka na kukohoa bila tumbo kuning’inia, hasa aliyepasuliwa. Ukikazwa mno, husukuma uzito wote chini, kwenye misuli ambayo imetoka kutanuka kuliko wakati mwingine wowote.

Msamba ndio sehemu inayowauma zaidi wazazi wa kwanza, kwa sababu ngozi yake haijawahi kutanuka kiasi hicho, na wengi huchanika au kuongezwa njia. Nyuzi za siku hizi huyeyuka zenyewe. Kidonda husafishwa kwa maji safi ya uvuguvugu kila baada ya haja, kuanzia mbele kwenda nyuma, kisha hukaushwa. Maji ya mto yachemshwe kwanza, na baada ya mafuriko jambo hili halina mjadala. Majivu, mitishamba na dawa za kukaza njia zisiingizwe ukeni, kwani hapo ndipo maambukizi huanzia. Hofu ya kwenda choo kikubwa humfanya mzazi ajizuie, na kinyesi kikakauka, maumivu yakazidi. Papai, embe, mboga na maji ya kutosha humtengenezea njia rahisi kuliko dawa yoyote.

Baadhi ya familia za wafugaji wa kaunti hii bado hukeketa wasichana, ingawa sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inakataza. Mwanamke aliyekeketwa na kushonwa hufunguliwa wakati wa kujifungua, na kovu lake huchanika kwa urahisi zaidi na kuvuja damu zaidi. Shirika la Afya Duniani linapinga kumshona upya baada ya hapo. Akibaki amefunguliwa, mkojo na hedhi hupita vizuri, na uzazi unaofuata huwa na hatari ndogo.

Chakula cha mzazi ni eneo ambalo desturi ya pwani imefanya vyema. Uji, supu ya kuku, samaki na wali humrudishia nguvu, na pilipili manga haimdhuru. Kinachosahauliwa ni madini ya chuma. Wanawake wengi wa hapa huingia leba damu yao ikiwa tayari imepungua kwa sababu ya malaria na mimba yenyewe, kisha hupoteza nyingine. Maziwa ya ng’ombe, ambayo kwa Waorma ndiyo chakula chenyewe, yana mafuta na protini lakini chuma chake ni kidogo mno. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia hata kile kidogo kisifyonzwe. Kunde, mchicha, maini, samaki na nyama ndivyo vinavyojenga damu, na embe au chungwa likiliwa pamoja navyo huufanya mwili ufyonze chuma zaidi. Delta ina maembe ya kutosha. Vidonge vya chuma na foliki walivyoanzishiwa wajawazito kliniki huendelea hadi wiki sita au miezi mitatu baada ya kujifungua, lakini wengi huviacha siku mtoto anapozaliwa.

Matiti huanza na dang’a, maziwa machache, mazito, ya manjano. Yasimwagwe, kwani ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Maziwa yenyewe hujaa kati ya siku ya pili na ya nne, na kwa mzazi wa kwanza huchelewa kidogo. Kuchelewa huko huwatia bibi na shangazi wasiwasi, wakaanza kumpa mtoto maji ya sukari. Mtoto hahitaji maji mpaka atimize miezi sita, hata katika joto la Garsen. Mama yake ndiye anayehitaji kunywa. Chuchu zikipasuka, mara nyingi mtoto ameshika ncha peke yake badala ya kuingiza mdomoni sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka chuchu. Titi likiwa jekundu na gumu, na homa ikapanda, aendelee kunyonyesha na aende kituoni.

Shinikizo la damu ni jambo ambalo familia nyingi hudhani limeisha pamoja na mimba. Hupanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita baada ya kujifungua, na kifafa cha mimba kinaweza kumpata mzazi ambaye hakuwahi kuambiwa ana tatizo. Maumivu makali ya kichwa yasiyotulia, macho kuona ukungu na maumivu chini ya mbavu za kulia ni dalili za kumkimbiza mzazi hospitali usiku huo huo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye kigimbi, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na hatari hiyo huongezeka kwa mzazi anayelala tu. Kupumzika ni kupunguziwa kazi. Kutembea ndani na uani, kuanzia siku ya kwanza, ni sehemu ya kupona.

Moyo nao una arobaini yake. Siku ya tatu hadi ya tano wengi hulia bila sababu, na hali hiyo hupita katika wiki mbili. Isipopita, akawa hapati usingizi hata mtoto akilala, hana hamu ya kumshika mwanawe, au anatamani kufa, hiyo ni sonona, na inatibika. Katika nchi zinazoendelea huwapata karibu wanawake 20 kati ya kila 100 waliojifungua. Si shetani wala si uvivu. Desturi ya binti kurudi kwa mama yake kujifungua mimba ya kwanza ni dawa kubwa hapa, maana humpa mtu wa kumshikia mtoto usiku. Lakini arobaini inataka nyumba na inataka wanawake wenye nafasi. Mzazi aliyehamishwa na mafuriko, akalala chini ya turubai na wageni, hana hata kimoja, na wanaogawa misaada kambini wanapaswa kumwona yeye mapema.

Kutoka ndani kwa ajili ya kliniki si kuvunja arobaini. Mzazi hupimwa siku ya pili au ya tatu, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita, hata kama anajihisi mzima. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliosambazwa nchini kote tangu Septemba 2023 wakiwa na mikoba ya vipimo, wanaweza kumtembelea nyumbani na kumpeleka anapohitajika. Ziara hizo huokoa pia wale wanaovuja mkojo. Mzazi mdogo aliyekaa na uchungu siku mbili anaweza kupata fistula, na ikigunduliwa mapema, tundu dogo huweza kuziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo wiki kadhaa, bila upasuaji. Akifichwa kwa aibu, hubaki kusubiri daktari bingwa kwa miaka.

Wiki ya sita nyumba ya uzazi huwa chini ya gramu 100 na vidonda vimefunga, lakini misuli ya nyonga bado. Ibanwe kama mtu anayezuia mkojo, ihesabiwe hadi tano, iachiwe, mara kadhaa kwa siku. Mtungi wa lita 20 una kilo 20, na mzazi aliyeubeba kutoka mtoni wiki ya pili hujiweka katika hatari ya nyumba ya uzazi kushuka; kazi hiyo ichukuliwe na mume au wadogo zake. Tendo la ndoa hungoja mpaka damu ikatike na msamba usiume. Anayenyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine, na ambaye hedhi haijarudi, ana kinga nzuri ya mimba hadi mtoto atimize miezi sita. Kimoja kati ya hivyo kikibadilika, yai linaweza kupevuka kabla hedhi haijaonekana, hivyo sindano, kipandikizi au njia nyingine huzungumzwa katika ziara ile ile ya wiki ya sita, ili miaka miwili ipite kabla ya kushika mimba nyingine.