Ganzi ya Kiuno na Haya Isiyo Mahali Pake

Maumivu ya kiuno ni mageni wa kawaida majumbani mwetu, na aghalabu huondoka baada ya majuma machache kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Lakini upo ugonjwa mmoja wa kiuno usiongoja, nao wagonjwa huuficha kwa haya.

Kamba ya fahamu iteremkayo kutoka ubongoni haifiki mwisho wa uti wa mgongo. Kwa mtu mzima hukoma penye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno; chini ya hapo huning'inia fungu la mishipa ya fahamu ambalo wataalamu waliliita, kwa Kilatini, mkia wa farasi. Mishipa hiyo ndiyo iongozayo miguu, kibofu, haja kubwa na mambo ya unyumba. Baina ya pingili na pingili mna mto wa gegedu. Ukipasuka, kiini chake chaweza kutoka na kuibana mishipa hiyo kwa pamoja. Uvimbe, usaha au pingili iliyovunjika huweza kufanya vivyo hivyo.

Maumivu hushuka miguu yote miwili, au miguu hulegea. Mkojo huzuilika, ama hutoka mwenyewe asijue. Tena huingia ganzi mahali pale mpanda punda akaliapo tandiko: makalio, mapaja kwa ndani na tupu mbili. Mtu huyo akistanji hahisi maji. Basi sisi tunaostanji kila siku tungeweza kuijua dalili hii mapema, lau si aibu kuufunga ulimi. Kijana hamwambii baba yake. Siku zapita akichuliwa mafuta ya habasoda. (Sina ugomvi na habasoda, ila haiondoi gegedu juu ya mshipa.)

Bi Ummu Sulaim, Mungu amuwie radhi, alimwuliza Bwana Mtume (S.A.W.) habari za mwanamke aotaye na janaba yake, naye akamjibu. Na mafakihi wameruhusu kumfunulia tabibu tupu kwa kadiri ya dharura. Mwanamke akikosa daktari wa kike saa ile, asingoje.

Mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile, hata usiku, na aseme waziwazi. Daktari hupima ganzi, hutaka picha ya MRI, na ikithibiti hupasua ili mishipa ifunguke. Saa 48 ndizo zitajwazo mara nyingi, na mapema zaidi ni bora, hasa kabla mkojo haujazuilika kabisa. Mshipa uliobanwa mno huenda usirudi.

Aliyebaki hawezi kuuzuia mkojo, Sala yake ipo. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, hujitahirisha, hujifunga kitambaa, hutawadha baada ya wakati kuingia, na kusali fardhi yake pasi na kukawia. Asiyeweza kusimama husali ameketi.