Uchovu wa Mwuza Dawa ni Hatari kwa Mgonjwa

Hapa kwetu Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, kemisti hujaa jioni wafanyakazi wa mashamba ya maua wanapotoka kazini. Mwuzaji aliyesimama tangu asubuhi, pengine peke yake, ndiye husoma karatasi ya daktari, huhesabu vidonge, hupokea pesa na kumtuliza anayelalama, "Harakisha bwana, tumechoka!"

Je, uchovu wake una madhara gani? Majina ya dawa hufanana. Klopromazini ni ya maradhi ya akili, ilhali klopropamidi hushusha sukari mwilini. Jicho lililochoka likikosea herufi chache tu, mgonjwa asiye na kisukari anaweza kuzirai, hata kufa.

Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244, inataka duka la dawa lisimamiwe na mtaalamu aliyesajiliwa. Lakini cheti kilichotundikwa ukutani hakiondoi uchovu. Naonelea wenye maduka waajiri mtu wa pili saa za msongamano, akague kila dawa kabla haijatolewa. Nasi wanunuzi tumwulize: "Hii ni dawa gani, ya nini, nimeze mara ngapi?" Haraka haraka haina baraka.